Mkopo wa Daraja

Ipagala, Dodoma
12 Mei 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za Gulwe, habari za mbuzi, habari za mguu? Sisi huku hatujambo. Barua hii anakuletea Damas, yule gadi wa treni, pamoja na sukari na bahasha ya kaki. Bahasha usiifungue kabla hujamaliza kusoma hapa, maana nakujua.

Mama, ghorofa limesimama! Ulipokuja mwaka juzi uliona mashimo tu, ukaniuliza kama nachimba kisima. Njoo uone sasa: ghorofa tano, fleti kumi, kila fleti na jiko lake na choo chake ndani. Ukipanda juu kabisa unaona mashamba ya zabibu yote na treni inapoingia stesheni. Wale niliopunguzwa nao kazini, waliokuwa wakinong'ona kwamba Debora kala kiinua mgongo chake chote kwenye saruji, siku hizi wananiamkia kwa mbali.

Bunge limeshahamia hapa, watumishi wanakuja kila siku na nyumba hakuna. Kuna ofisi imeniahidi kupanga fleti zote kumi na kulipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, siku ile ile nitakapowaonyesha cheti cha usalama wa jengo. Cheti anatoa injinia wa mji, bwana Henry. Lazima akague nguzo, ngazi na nyaya za umeme, na vibonge vya zege vipelekwe kupimwa maabara Dar es Salaam, kwa sababu ardhi ya kwetu hutetemeka. Hayo ni mambo ya miezi. Na bila madirisha na mabomba siwezi hata kumwita aje akague. Hela imekwisha, mama. Imekwisha kabisa.

Ndiyo maana nimekwenda kwenye benki moja mpya, hizi za watu binafsi. Kuna dada anaitwa Joha, mtu wa Kondoa, ndiye wa mikopo. Wana mkopo wa kumvusha mtu kutoka hapa alipo mpaka cheti kitoke. Lakini jengo lisilo na cheti hawalipokei kuwa dhamana, wanataka nyumba yenye hati. Kwa hiyo naomba nyumba yako ya hapa mjini, ile ya mtaa wa Kikuyu aliyoijenga marehemu baba. Cheti kikipita mwisho wa Januari bila kutoka, benki wana haki ya kuiuza. Hakitapita.

Kwa kifupi ni mkopo wa daraja, mama. Weka sahihi palipo na alama ya penseli, na kabla ya mvua zijazo kwisha sote tutakuwa tumevuka.

Mwanao,
Debora


Gulwe
20 Mei 1997

Mwanangu Debora,

Mbukwa. Marahaba. Mguu unanisumbua asubuhi, mchana unasahau. Sukari imefika, ingawa Damas alikaa hapa akanywa chai mpaka nikaogopa.

Fomu nimeweka sahihi kila ukurasa, jina langu lote, kama walivyotufundisha kwenye kisomo. Imo humu.

Lakini hilo la daraja! Yaya we! Nimevaa miwani nikarudia tena na tena. Jumapili, kwenye matangazo, nikasimama nikawasomea watu: "Ni mkopo wa daraja, mama, na kabla ya mvua zijazo kwisha sote tutakuwa tumevuka." Kanisa zima likapiga vigelegele. Hata Ernest mwenyekiti wa kijiji, ambaye tunamwona Krismasi tu, alikuwepo. Sijui nani alimnong'oneza.

Korongo unalijua. Likijaa, stesheni iko ng'ambo, zahanati iko ng'ambo, sisi tunabaki huku tukipungiana mikono na watu wa treni. Mwaka jana Ruthu alijifungulia ukingoni, wanawake wameshika khanga kumziba, maji yanapita na miti mizima. Mtoto yupo, anakimbiza kuku wangu. Lakini siku ile nililia, sikukuambia.

Watu wameanza kuleta mawe. Nijibu haraka: upana wake vipi? Mkokoteni utapita?

Mimi mama yako,
Angelina Matonya


Ipagala, Dodoma
2 Juni 1997

Mama,

Shikamoo. Fomu nimeipata, nikaipeleka benki siku ile ile. Hela imetoka na mafundi wamerudi, vioo vinakuja wiki hii kutoka Dar.

Kuhusu mawe, waambie watu wasijichoshe kwanza. Mambo ya benki yana hatua zake. Nitakuja mwenyewe tuongee, mengine hayaandikiki.

Nakutumia kitenge. Ni cha Kongo halisi, usimpe mtu.

Debora


Gulwe
11 Julai 1997

Mwanangu,

Mbukwa. Kitenge kizuri. Wewe mwenyewe sijakuona.

Kwamba watu wasijichoshe nimewaambia, wakanicheka. Kwaya wanabeba mchanga wakiimba, vijana wa mpira wanabeba mawe wakigombana. Ernest anataka jina lake lichorwe kwenye nguzo ya kwanza. Nikamwambia mwenyekiti, beba jiwe moja kwanza tukuone, halafu tutafute patasi. Amebeba. Dogo.

Hicho cheti chako kimefikia wapi? Huyo injinia ameshakuja? Nauliza kwa sababu nyumba ya baba yako ndiyo iko benki, na Januari si mbali.

Mama yako,
Angelina Matonya


Ipagala, Dodoma
9 Agosti 1997

Mama,

Shikamoo. Leo naandika nikiwa na hasira, usinijali.

Injinia Henry amekuja. Mtu mwembamba, haongei. Kapanda mpaka juu, kashuka, kasimama uani, ananiambia, "Dada Debora, jengo zuri, lakini ngazi ni moja. Moto ukiwaka chini, wa ghorofa ya tano watatokea wapi?" Anataka ngazi ya pili, ya nje, ya zege, kutoka juu mpaka chini! Nikamwambia mchoro una ngazi moja. Akasema mchoro ulikuwa wa ghorofa tatu, mbili nimeziongeza mimi baadaye, na walioongezeka wana haki ya njia yao. Akavaa kofia akaondoka. Hata soda yangu hakunywa.

Kuna bwana mmoja mjini anasema injinia anaweza "kuonwa", niandae bahasha tu. Nimemjibu nitafikiri. Na kweli nafikiri, mama. Ngazi hiyo itameza chote kilichobaki.

Sasa lile jingine. Mkopo wa daraja si wa kujenga daraja. Ndivyo Wazungu wanavyouita, kwa sababu unamvusha mtu katikati ya hela iliyokwisha na hela inayokuja. Nililitafsiri kwa haraka nikaliweka kwenye barua. Hakuna senti ya korongo humo. Na barua yako ya Mei ilipofika nilijua papo hapo ulivyoelewa. Ningeweza kusubiri, nikuandikie, ndipo nipeleke fomu. Lakini sahihi ilikuwa mkononi. Nikaenda benki mbio.

Naona aibu, ndiyo maana sijaja. Umeweka nyumba ya baba kwa kitu ambacho hakipo. Nakuomba uwaambie watu, kwa upole kama utaweza.

Mwanao,
Debora


Gulwe
17 Agosti 1997

Debora,

Leo hakuna mbukwa.

Niwaambie watu? Mimi? Kwani mimi ndiye niliyeandika daraja? Umeandika wewe, kwa kalamu yako, kwa Kiswahili ulichosomeshwa kwa karanga zangu, halafu mimi nisimame kanisani niseme mwanangu alikuwa na haraka? Thubutu! Mawe yako pale, yananifika kifuani. Ruthu amebeba mchanga mtoto yuko mgongoni. Sitasema hata neno moja. Ukitaka, panda treni uje uwatangazie mwenyewe Jumapili. Mimi nitakaa benchi la mbele nikusikilize.

Na kinachoniuma si daraja. Umekaa miezi yote hii unanitumia kitenge badala ya kuniambia. Mimi ni mama yako au mgeni wa ofisini?

Huyo bwana wa bahasha mwambie amekosea mlango. Unakumbuka ardhi ilipotetemeka, uko darasa la tatu, sahani zikamwagika kabatini? Mlango wa mbele ulijibana, ukagoma. Baba yako akatutoa sote kwa mlango wa nyuma, wewe kwapani. Mlango huo fundi aliupinga, alisema ni kupoteza mbao. Nyumba hiyo hiyo ya Kikuyu. Sasa wewe unataka kupakia familia kumi juu ya ngazi moja. Injinia anakuuliza watatokea wapi. Ruthu naye aliuliza hivyo hivyo pale korongoni, nasi tukashika khanga.

Jenga ngazi. Hela utapata, wewe si mtu wa kukosa.

Angelina Matonya


Ipagala, Dodoma
5 Oktoba 1997

Mama yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Sijaja kutangaza chochote kwa sababu hakuna cha kutangaza. Daraja litajengwa.

Nimeuza pikapu yangu. Usipige kelele, nimeuza vizuri, aliyenunua anadhani amenipunja. Ngazi ya pili imeshamwagwa zege na Sila, fundi wangu mkuu, na imependeza kuliko ile ya ndani. Wapita njia wanadhani ndiyo mlango wa mbele. Leo tumebomoa fomu za mbao, na hapo ndipo nilipopata akili. Mbao zile nene zilizoshikilia zege, sasa hazina kazi. Nondo zimebaki, mapipa yamebaki. Jumatano vyote vinapanda behewa la mizigo kuja Gulwe, na Sila anakuja navyo. Saruji nimenunua kwa hela ya pikapu. Ukiona kila ubao umeandikwa D.M. kwa rangi nyekundu, usidhani ni majivuno. Hapa Ipagala ubao usio na jina una miguu.

Joha wa benki nilimsimulia. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akakaza uso: hela ya benki isiguse korongo. Nikamwambia hii ni hela ya pikapu, itagusa inachotaka. Akasema tangu aanze kazi ya mikopo hajapata kuona mteja aliyetaka kulijenga daraja lenyewe.

Upana: mtu na mkokoteni wa mkono. Ng'ombe wasubiri kiangazi. Mwambie Ernest jina lake lipo, iwapo atabeba jiwe kubwa.

Bwana wa bahasha sijamwona tena. Nadhani ananiona mshamba.

Bado sijalala vizuri juu ya ile sahihi, mama. Nikilipa ndipo nitalala.

Mwanao,
Debora


Gulwe
16 Novemba 1997

Mwanangu Debora,

Mbukwa, mbukwa sana.

Limekwisha. Mawe yetu chini, zege la Sila juu yake, mbao zako juu kabisa, na nondo pembeni za kushika. Sila ni mtu wa kazi lakini anakula, Mungu ambariki. Wa kwanza kuvuka alitakiwa awe Ernest, na hotuba alikuwa nayo mfukoni. Kabla hajaifungua, mbuzi wa Ruthu akakata kamba akalivuka daraja lote, akasimama ng'ambo akatugeukia. Watu wakaanguka chini kwa kicheko. Hotuba ikarudi mfukoni.

Mvua zimeanza mapema, nazo si za kawaida. Redio inazitaja kwa jina la Kizungu. Korongo limejaa mara mbili na daraja limetulia.

Umejitahidi. Nimesema.

Mama yako,
Angelina Matonya


Ipagala, Dodoma
14 Januari 1998

Mama,

Shikamoo. Natuma hii kwa lori la Mpwapwa, treni siziamini.

Injinia Henry amekagua ngazi ya pili, kaipanda na kuishuka, kasema, "Hii ndiyo ngazi." Nyaya zimepita, mabomba yamepita. Kimebaki kitu kimoja tu, majibu ya zege kutoka maabara. Hayaji. Yeye mwenyewe amekwenda Dar kwa mkutano na ameahidi atayafuata arudi nayo. Lakini barabara ya Morogoro inakatika leo, inarekebishwa kesho, na reli hivyo hivyo. Ofisi ya wapangaji imeshaniuliza kama fleti bado zangu. Joha ameniambia kwa upole, na upole wake ndio umenitisha, kwamba mwisho wa Januari ni mwisho wa Januari.

Sikufichi tena kitu, kwa hiyo nasema: naogopa. Jengo langu ni zima, najua ni zima, hata ardhi ikitetemeka leo mimi nitabaki ghorofa ya tano nikinywa chai. Lakini nyumba ya baba inaweza kwenda kwa ajili ya karatasi iliyokwama kwenye tope. Na wewe uliitoa ukidhani ni kitu kingine. Nisamehe, mama.

Debora


Gulwe
22 Januari 1998

Mwanangu Debora,

Mbukwa. Barua hii anakuletea injinia Henry. Usishtuke, mpe kiti kwanza. Nimeibandika kwa uji wa uwele. Ukiiona imefunguliwa muulize.

Treni ya kutoka Dar imekwama hapa stesheni, reli imekatika huko mbele. Zahanati ndiyo imegeuka hoteli. Abiria walipoambiwa kwamba magari ya Mpwapwa yanapatikana upande wetu, wakaanza kuvuka kwa daraja, mizigo kichwani, watoto mgongoni, masista wawili na hata bwana mmoja aliyebeba televisheni. Korongo chini linanguruma. Mimi nilisimama huku ukingoni na sufuria la uji nikiwatazama, na nilijisikia vizuri, nisikudanganye.

Katikati yao akaja mtu mwembamba, mkoba wake umefungwa nailoni. Wenzake wanakimbia mvua, yeye anasimama katikati ya daraja anapiga kisigino. Akavuka, akashuka ukingoni kuchungulia chini, akarudi na matope mpaka magotini. Akaniuliza, "Mama, nani alikagua daraja hili?"

Nikamwambia, "Mbuzi wa Ruthu."

Hakucheka. Halafu akacheka. Nikampa ugali wa uwele na mlenda, akala vizuri, kumbe anaongea. Akasema mbao hizi zenye D.M. amewahi kuziona mahali, zikiwa zimeshikilia ngazi. Akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye mwenye nyumba," nikamjibu. Akadhani nasema hii ya hapa.

Sikumwomba kitu, Debora, wala jina lako sikulitaja mpaka alipokwisha kusema mwenyewe. Alisema kuna mwanamke Ipagala alimkasirikia kwa ajili ya ngazi, kisha akaijenga. Na kwamba majibu ya zege lake yamo mkobani, yamepita yote, na kitu cha kwanza atakachofanya akifika Dodoma ni kuandika cheti. Ndipo nikaenda ndani nikatafuta kalamu. Lori lake linaondoka sasa hivi, kwa hiyo nasema upesi lile nililokuwekea.

Agosti umeona aibu, Oktoba umeniomba msamaha, na juzi umeomba tena, kwamba niliweka sahihi nikidhani ni daraja la korongo. We mtoto! Mimi nimeolewa na mtu wa reli aliyekopa na kulipa maisha yake yote. Uliandika mwenyewe: mkopo wa kumvusha mtu mpaka cheti kitoke. Uliandika: benki wana haki ya kuiuza. Niliyasoma yote hayo kabla sijafika kwenye daraja, na kwenye fomu niliyasoma tena. Kanisani ndiko nilikosoma mstari mmoja tu. Umeandika neno zuri, nami nilikuwa na korongo. Nikasema, huyu akisikia vigelegele atalijenga, ninamjua. Hasira yangu ya Agosti ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya kunyamaza kwako. Mimi nami nilinyamaza, basi tumetoka sare.

Kwa hiyo lala. Nyumba ya baba yako niliiweka kwa ajili yako, nikijua ninaweza kuikosa. Hilo daraja lilikuwa riba yangu tu.

Mimi mama yako,
Angelina Matonya